"Baba, Nani Kafanya Kosa?"

SWALI: Mimi ni baba wa watoto wawili wa kiume, wa miaka 11 na 7, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nimecheza magemu tangu enzi za kulipia kwa mechi kwenye mabanda ya mtaani, na sasa nacheza na wanangu sebuleni. Intaneti ilipozimwa mwishoni mwa Oktoba 2025, mkubwa alishindwa kuingia kwenye gemu analocheza na binamu zake walioko Mwanza. Akaniuliza, "Baba, nani kafanya kosa?" Nilipomuuliza ana maana gani, akasema kwetu intaneti huzimwa mtu akifanya kosa. Ni kweli, mimi huzima ruta wakigombana. Nikamjibu kwamba mtandao unasumbua, nikabadilisha mazungumzo. Tangu siku hiyo swali lile linanirudia. Mke wangu anasema siasa na magemu vyote si vya watoto, na aliyevileta vyote nyumbani ni mimi. Je, nizungumze na mtoto mambo ya siasa? Na kucheza kwangu kunamharibu?

JIBU: Kaka yangu wa Tabata, naanza na mwanao, kwa sababu katika barua yako yote yeye ndiye aliyefikiri vizuri kuliko sisi wakubwa. Alikuwa na ushahidi wa aina moja tu: kila mara intaneti ilipozimwa nyumbani, kulikuwa na aliyekosea, na aliyezima alikuwa mkubwa mwenye ruta. Alipoona imezimwa nchi nzima akatumia kipimo kilekile, akatafuta mkosaji. Mtoto aliyefika hapo bila kusaidiwa na mtu ameshaingia katika siasa, mpende msipende, na ameingilia mlango wa sebuleni kwenu. Kwa hiyo swali la kama umwingize au usimwingize limeshapitwa. Lililobaki ni kama atapata mtu wa kuzungumza naye.

Jibu lako la "mtandao unasumbua" silihesabu kuwa kosa kubwa, kwa maana siku zile watu wazima wengi walikuwa hawajui waseme nini hata wao kwa wao. Ubaya wake ni kwamba mtoto wa umri ule hujua anapokwepwa. Bila shaka aliporudi shuleni alisikia mengine, akalinganisha, na alichojifunza hakikuhusu intaneti bali kilikuhusu wewe: kwamba yako maswali ambayo baba huyajibu kwa kubadilisha mazungumzo. Hilo linarekebishika wala halihitaji kikao cha familia. Ngoja mkiwa mnacheza, gemu likiwa bado linafunguka, macho yenu yote yakiwa kwenye runinga, kisha useme kwa sauti ya kawaida: "Unakumbuka uliniuliza nani kafanya kosa? Siku ile sikukujibu vizuri." Kwa miaka niliyokaa na wazazi na watoto wao katika kazi hii ya ushauri wa malezi, nimeona kwamba watoto wa kiume, na baba zao vilevile, huongea wakiwa wamekaa bega kwa bega kuliko wakitazamana usoni. Baba asiyecheza hulazimika kutafuta nafasi hiyo kwenye gari au njiani kwenda msikitini au kanisani. Wewe unayo kila jioni.

Mweleze yaliyotokea kwa maneno ya kawaida. Tarehe 29 Oktoba 2025 ilikuwa siku ya uchaguzi mkuu. Kulitokea maandamano na ghasia, watu wakapoteza maisha, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa hadi mwanzoni mwa Novemba. Mweleze kwamba ule ulikuwa uamuzi wa watu, haukuwa kama nguzo ya umeme iliyoangushwa na upepo. Mweleze kwamba wanaozima husema wanalinda usalama, na wanaopinga husema kwamba mwananchi hunyimwa habari na mawasiliano wakati ule hasa anapovihitaji, mgonjwa akashindwa kuwapata ndugu zake na mfanyabiashara akakosa wateja. Mwambie pia kwamba jambo hili si geni kwa majirani zetu, kwani Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliizima kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, ikakaa hivyo karibu siku 20. Ukishamaliza hayo, mjibu alichokuuliza: kuzimiwa hakumaanishi kwamba waliozimiwa wamekosa. Wewe hukukosa, na binamu zako hawakukosa. Ningekuwa na nafasi ya kusema sentensi moja tu kwa mwanao, ningesema hiyo.

Najua unachokihofia hapo, kwamba atayabeba maneno ya nyumbani akayapeleke darasani. Hofu hiyo ina haki yake, sitaidharau. Dawa yake ni kumzoesha kutenganisha yaliyotokea na tunayoyafikiria kuhusu yaliyotokea. Tarehe, amri ile na kuzimwa kwa intaneti vinajulikana na kila mtu, anaweza kuvitaja popote; maoni ya baba ni ya baba, na yakitoka nje ya nyumba ayatoe baba mwenyewe. Usimkabidhi hasira yako aibebe, wala usimfanye mwanachama wa upande wowote. Mtoto akikuuliza wewe unaona nani ana haki, mweleze unavyoona na kwa nini, kisha umuulize yeye anaonaje, na ukubali akitofautiana nawe. Akitofautiana nawe katika hilo usimzimie ruta.

Sasa tuje kwenye hiyo ruta, maana ndiyo iliyomfundisha mwanao kanuni aliyoitumia. Watoto wawili wakigombania pedi, baba akazima intaneti, kimya hurudi haraka sana, na ndiyo maana tunapenda kufanya hivyo. Lakini angalia nani ameadhibiwa: aliyepiga, aliyepigwa, na mama yao aliyekuwa jikoni akizungumza na dada yake kwa WhatsApp. Adhabu isiyobagua inafundisha kwamba mwenye swichi hana haja ya kujua nani alifanya nini. Ukitaka kumwadhibu mmoja, mnyang'anye pedi yeye, mwambie kwa nini, na umwambie atarudishiwa lini. Ruta iache iwake.

Serikali nazo zimejaribu kuwa wazazi wa wacheza magemu. Korea Kusini ilipitisha sheria iliyoanza kutumika mwaka 2011, ikiwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kucheza magemu ya mtandaoni kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakaanza kuingia kwa namba za utambulisho za wazazi wao, wengine wakahamia magemu ya simu ambayo sheria haikuyagusa, na baada ya miaka kumi serikali yenyewe ikaamua kuifuta. China ilikaza zaidi mwaka 2021, ikawaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Siwacheki wazazi wa nchi hizo, wengi wao walichoka kama unavyochoka wewe. Ninalolisema ni kwamba mtoto hutafuta mwanya katika kanuni ambayo hakushirikishwa, na huilinda, hata kwa ukali wa kuchekesha, ile aliyoitunga mwenyewe.

Nitakusimulia ya kwangu. Mimi pia nacheza, si hodari, lakini nacheza. Likizo moja nilikuwa na wanangu wawili, wa miaka 12 na 8, pamoja na binamu yao, pedi mbili, na gemu la mpira. Walikuwa wakitumia kanuni ya banda unayoijua vizuri: anayefungwa anapisha. Kanuni hiyo ina maana yake kule bandani, kwa kuwa foleni ni ndefu na mwenye banda anataka hela izunguke. Nyumbani ilikuwa na matokeo mengine. Mdogo alicheza mechi moja, akafungwa matano, akakaa mkekani nusu saa akila karanga na kutazama wenzake, akarudi, akafungwa sita. Hakuna namna ambayo angeweza kujifunza, kwa sababu aliyekuwa anahitaji mazoezi zaidi ndiye aliyepewa muda mdogo zaidi, na kaka yake, ambaye hakuhitaji, alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja tangu asubuhi na akiuita utaratibu huo wa haki kabisa.

Nikawapa karatasi, nikawaambia watunge kanuni mpya kabla ya kupiga kura ya nani ataanza na nani, ili asiwepo mwenye kujua kanuni itamfaa nani siku hiyo. Walibishana hadi chai ikapoa. Mdogo akaja na wazo lake: anayefungwa ndiye anayebaki, mshindi anapisha, kwa sababu mshindi ameshajua. Wakakubaliana, wakaandika, wakabandika ukutani. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Siku ya tatu nilipita sebuleni nikamwona mkubwa anamtoa golikipa wake langoni, anamtembeza taratibu mpaka katikati ya uwanja, goli likiwa wazi kama duka lisilo na mlinzi. Binamu akapiga kelele: "Mama, anafungwa makusudi!" Kanuni iliyotungwa kwa nia njema ilikuwa imemfundisha mtu kushindwa ili abaki kwenye kiti. Wakakaa tena. Kanuni ya tatu ilikuwa kila mtu mechi mbili, ashinde ashindwe, kisha anapisha. Hiyo ndiyo iliyodumu, ila ilikuwa na dosari moja ambayo niliiona niliponawa mikono nikaja kuomba zamu: jina langu halikuwemo. Waliitunga nikiwa jikoni.

Ukiniuliza siasa ni nini kwa mtoto wa miaka 11, nitakwambia ndiyo hiyo. Nani ametunga kanuni, inamfaa nani, nani hakuwepo ilipotungwa, na inabadilishwaje ikionekana mbaya. Aliyelielewa hilo mapema kabisa ni Mmarekani aitwaye Lizzie Magie, ambaye mwaka 1904 alisajili mchezo wa ubaoni wa kununua viwanja na kutoza kodi, akiukusudia uonyeshe jinsi wamiliki wa ardhi wanavyotajirika huku wapangaji wakifilisika. Baadaye akauwekea kanuni za aina mbili juu ya ubao uleule: katika moja mchezaji mmoja huwakausha wengine wote, katika nyingine utajiri ukiongezeka kila mmoja hupata chake. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuza toleo lililoletwa na mwanamume mwingine kwa jina la Monopoly, likiwa na zile kanuni za kukaushana peke yake, na Magie akalipwa dola 500 kwa haki zake. Kama mnao mchezo huo nyumbani, au hata mkiwa na bao tu, jaribuni kuucheza kwa kanuni mbili tofauti katika jioni moja, na umwache mwanao aseme tofauti aliyoiona. Usimwelekeze. Tutaelewana kwa shida na baba ambaye hawezi kunyamaza mtoto anapofikiri.

Kuhusu yaliyomo ndani ya magemu yenyewe, hilo dai kwamba magemu hayana siasa huwa nalisikia zaidi kwa watengenezaji wanaotaka kuuza kila mahali. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, kampuni ya EA iliiondoa timu ya taifa ya Urusi na klabu za nchi hiyo kwenye gemu lake la mpira. Yawezekana mwanao aliona zimetoweka asijue kwa nini. Mfano unaonikera zaidi uko katika gemu la vita la Call of Duty, toleo la mwaka 2019. Ndani yake iko sehemu yenye jina la Barabara ya Mauti, na mchezaji huelezwa kwamba Warusi ndio walioishambulia barabara hiyo. Jina hilo lina historia. Mwezi Februari 1991 ndege za muungano ulioongozwa na Marekani zilishambulia misafara ya Wairaki waliokuwa wakirudi kutoka Kuwait kuelekea Basra, na barabara ile ndiyo iliyopewa jina hilo na dunia nzima. Watengenezaji walijitetea kwamba nchi iliyo ndani ya gemu ni ya kubuni, na kwa karatasi ni kweli. Lakini kijana anayekutana na jina hilo kwa mara ya kwanza akiwa na pedi mkononi atakwenda nalo likiwa na mkosaji mwingine. Ona tunavyorudi kwenye swali la mwanao. Gemu lile si la umri wake, ila wewe unalicheza nadhani, na siku moja atalicheza. Ukiwa umemzoesha kuuliza nani anasimulia, hutahitaji kumchungulia.

Yapo pia magemu yaliyotumika kwa namna nyingine. Shirika la Wanahabari Wasio na Mipaka lilijenga maktaba ndani ya Minecraft, gemu la kujenga kwa matofali, mwezi Machi 2020, wakaweka humo makala zilizozuiwa katika nchi kadhaa, Misri na Saudi Arabia zikiwemo. Na Minecraft hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, kuwashirikisha wakazi wa Kibera katika kuchora namna wanavyotaka uwanja wao uwe, katika mradi ulioanza mwaka 2012. Kama mkubwa wako anajenga majumba humo, mwombe aujenge mtaa wenu ulivyo, mitaro yake na yote, kisha aujenge anavyoutaka. Nimeona watoto wakianza na bwawa la kuogelea, na baada ya nusu saa wanahangaika na mahali pa kutupa taka.

Sasa wewe mwenyewe. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa magemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na vigezo vyake ni vizito: mtu ameshindwa kujizuia, magemu yamepanda juu ya kazi na mambo mengine ya maisha, na anaendelea japokuwa anaona madhara, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Baba anayecheza mechi tatu akitoka kazini hayumo humo. Mimi ninakupimia kwa kitu kidogo zaidi. Mechi ya mtandaoni haisimamishwi unapotaka, kwa hiyo mtoto wa miaka 7 akija na daftari, jibu linalokutoka ni "subiri, hii haisimami." Hesabu kwa wiki moja ni mara ngapi umelisema. Likiwa la kila siku, cheza zile zinazosimama mpaka watoto walale, na za mtandaoni uzianze baada ya hapo. Kwa sababu hiyohiyo, unapowawekea watoto mipaka katika gemu la mpira hesabu mechi, usihesabu dakika. Mtoto aliyekatizwa dakika ya 80 akiwa anaongoza ana haki ya kukasirika, na wewe unalijua hilo kuliko mzazi yeyote. Minecraft haina mwisho, hiyo iwekee saa. Na kama unanunua kwa hela halisi pakiti za wachezaji, zile ambazo hujui zina nani ndani mpaka uzifungue, mwonyeshe mkubwa ujumbe wa malipo kwenye simu, mbadilishie kiasi hicho kiwe kilo za unga, umweleze kwamba Ubelgiji mwaka 2018 ilizihesabu pakiti za namna hiyo kuwa kamari.

Ama kuhusu wifi yangu, naomba usiuchukue msimamo wake kuwa ni wa mtu asiyeelewa magemu. Mwulize kwa utulivu kanuni za sebule hiyo zilitungwa lini, na yeye alikuwa wapi. Huenda anachokikataa ni kukuta runinga imekaliwa kila jioni, habari hazitazamwi, na watu watatu hawasikii wanapoitwa kula. Hapo ana haki, na kumjibu kwa hoja za faida za magemu ni kumjibu swali ambalo hakuuliza. Mpe siku zake za runinga zisizoguswa, pedi ziwekwe juu ya kabati chakula kikiwa mezani, yako ikiwa ya kwanza. Kuhusu siasa, mwambie ulivyokusudia kumjibu mtoto kabla hujamjibu, ili naye asiwe wa kusikia kutoka kwa mwanawe.

Mdogo wa miaka 7 hahitaji maelezo yote haya. Yeye mwambie tu kwamba wakubwa walizima intaneti, kwamba ilirudi, na kwamba nyinyi mpo. Anachohitaji zaidi ni kutokuwepo sebuleni unapocheza zile zenye alama ya 18 kwenye kasha, kwa maana kwa umri wake anayetazama anaona yaleyale anayoyaona anayecheza, na hana hata pedi ya kuyazuia. Hizo zisubiri alale, na sauti ya gemu uisikilize kwa hedifoni.